Nagasaki tuliijua kwa miguu na kwa mdomo wa mwenyeji

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kwa sababu kuna maneno yanarudi rudi kila watu wakizungumzia safari, kwenye barua za wasomaji na hata barazani kwetu, kwamba kumlipa mtu akutembeze mji ni kutupa pesa, manake siku hizi simu ina ramani, intaneti iko, kila kitu kimeandikwa, wewe fuata mshale tu. Mimi nilikuwa nasema hivohivo. Nimefanya kazi bandarini Mombasa miaka 19 na sijawahi kumlipa mtu anionyeshe njia popote. Sasa nimerudi kutoka Japani nimebadilika, na nataka nieleze kwa nini, mnivumilie nikirefusha.

Tulikwenda watatu kwa mafunzo ya kazi ya wiki tatu, tukawa tunalala Kokura, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu. Wikendi ya kwanza tukaingia kwenye safari ya basi, kundi la watu kama arobaini, kampuni sitaitaja, mwenye bendera yuko mbele na kipaza sauti, tukashushwa mahali patano kwa siku moja, kila mahali dakika ishirini, isipokuwa pale pa mwisho penye duka la zawadi ndipo tukaachwa saa nzima. Leo ukiniuliza siku ile tuliona nini sina la kukwambia. Picha ninazo, karibu mia mbili, ni za malango na migongo ya watu.

Wikendi ya pili mwenzetu mmoja akasema tutafute mtu wa peke yetu, atutembeze mji mmoja tu, kwa miguu, siku nzima. Akachagua Nagasaki. Tukachanga, kila mmoja akatoa kama bei ya kulala usiku mmoja kwenye hoteli ya kawaida ya kule. Nilikubali shingo upande.

Kabla ya siku yenyewe mama tuliyempata atutembeze akatuandikia, akauliza mambo matatu. Hatuli nini. Tunaswali saa ngapi. Na kuna yeyote mwenye matatizo ya magoti? Hilo la tatu sikulielewa mpaka nilipofika, Nagasaki ni mji uliopanda milimani pande zote, bandari iko chini kama kwenye bakuli na nyumba zimeng'ang'ania kingo za bakuli, mitaa mingine ni ngazi za mawe tupu, gari haliingii, gesi na maji ya kunywa na hata fanicha vinapandishwa kwa mabega ya watu. Wakaazi wengi wa huko juu ni wazee. Basi mtu anayekuuliza magoti kabla ya kukuuliza pesa, huyo anaujua mji wake.

Kutoka Kokura tulipanda shinkansen, treni yao ya kasi, mpaka Hakata, halafu treni ya kawaida ya mwendo wa haraka hadi Takeo-Onsen, unavuka tu upande wa pili wa jukwaa, unaingia shinkansen ingine fupi iliyofunguliwa Septemba 2022, na reli inaishia pale Nagasaki, mbele ni bahari. Mama alikuwa mlangoni ameshika karatasi imeandikwa KARIBUNI kwa mkono. Mwembamba, nywele nyeupe, anakaribia miaka sabini, viatu vya raba na mwavuli. Alituambia alianza kazi hii mwaka 2006, na hapo ndipo nilipopata somo la kwanza.

Mwaka huo mji wa Nagasaki ulifanya maonyesho makubwa, lakini hawakujenga jumba la maonyesho. Walisema mji wenyewe ndio maonyesho. Wakaazi wa kila mtaa wakakaa wakachora njia zao za kutembea, wakafundishwa kuongoza wageni, mstaafu, mwenye duka, mama wa nyumbani, kila mmoja anaonyesha pale anapokaa. Wakaliita kwa neno la lahaja yao wenyewe, saruku, yani kutembea tembea huku na huko bila haraka, neno ambalo mtu wa Tokyo halitumii. Maonyesho yaliisha lakini matembezi hayakuisha mpaka leo. Mama yetu alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo, akaja akajifanyia kazi yake mwenyewe. Akatueleza pia kwamba Japani ilikuwa na sheria tangu 1949, huwezi kumwongoza mgeni wa lugha ya kigeni kwa malipo bila kufaulu mtihani wa serikali, mtihani mgumu kwelikweli, na sheria hiyo ikalegezwa Januari 2018, sasa mtu yeyote anaruhusiwa, ila aliyefaulu ndiye peke yake mwenye haki ya kujiita mwongozaji mwenye leseni. Yeye aliufaulu akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Alisema hivyo akiwa anatembea, hata hakugeuka, na mimi nikawa namfuata nikijua nafuata mtu aliyesomea ngazi anazozikanyaga.

Tulianzia kilima cha Nishizaka, hapo karibu na stesheni, penye ukumbusho wa Wakristo 26 waliouawa tarehe 5 Februari 1597 kwa amri ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo. Karibu wote walikamatwa huko Kyoto na Osaka wakatembezwa kwa miguu majira ya baridi mpaka hapo, na kati yao kulikuwa na watoto. Mama hakukaa sana hapo. Alitaka tu tuelewe kitu kimoja, kwamba Nagasaki ilikuwa kijiji cha wavuvi mpaka Wareno walipoletwa 1571 na ikawa bandari yao, na kila tutakachokiona siku ile, kizuri na kibaya, kimeingilia mlango huo.

Wareno! Nikamwambia mama sisi tumetoka kwenye mji wenye ngome ya Wareno, Fort Jesus, waliianza 1593. Akasimama katikati ya njia. Akauliza waliondoka lini kwenu, nikasema Waarabu wa Oman waliwatoa ngomeni 1698, akasema hapa walifukuzwa 1639, kwa hivyo ninyi mlikaa nao zaidi, halafu akacheka, na tangu hapo hatukuwa wageni tena. Siku nzima tukawa tunabadilishana maneno. Wao mkate wanauita pan, kifungo cha nguo botan, tumbaku ni tabako, yote ya Wareno. Nikampa yetu, meza, bendera, gereza, leso. Alitoa kidaftari akaandika moja moja, kwa herufi zao.

Akatuambia pia habari ambayo sijawahi kuisikia shuleni. Mwaka 1582 vijana wanne wa Kijapani waliondoka Nagasaki kwa meli ya Wareno kwenda kumwona Papa, walirudi 1590, na wakati wa kurudi meli yao ilikwama miezi mingi kwenye Kisiwa cha Msumbiji wakisubiri upepo. Wanasubiri upepo wa pwani yetu! Sisi watoto wa bandari tunaijua kusi na kaskazi, tunajua kusubiri upepo ni nini, lakini nani alituambia kwamba miaka ile kulikuwa na vijana kutoka Nagasaki wameketi upande wetu wa bahari wakitazama mawimbi haya haya?

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Tulipanda tramu kwenda upande wa Urakami. Mama alikuwa amekaa kimya. Tulipokaribia kushuka akatuuliza, mnakaa wapi Japani? Tukasema Kokura. Akainamisha kichwa kidogo. Akasema, Kokura ndio ulikuwa mji wenyewe. Hatukuelewa. Ndipo akatueleza pole pole kwamba asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani iliyobeba bomu la pili la atomiki ilikuwa inakwenda kulitupa Kokura, palikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha za jeshi, ikazunguka juu ya mji mara tatu, mawingu na moshi vikaziba, rubani hakuona chini, wakageuza wakaja Nagasaki. Saa tano na dakika mbili bomu likapasuka juu ya Urakami. Hesabu ya mji wenyewe ni watu 73,884 waliokufa mpaka mwisho wa mwaka ule, na waliojeruhiwa karibu idadi hiyo hiyo.

Mhariri, tulikuwa tumelala Kokura siku kumi. Tumenunua matunda pale, tumepiga picha kwenye kasri, tumepita kila jioni kwenye bustani ya Katsuyama, ambayo ndipo kilipokuwa kiwanda hicho, na hakuna ramani ya simu iliyotuambia chochote. Mshale ulitupeleka vizuri kila siku tulipotaka kwenda. Lakini mshale haujui kuuliza unakaa wapi.

Kuna na lingine ambalo tuliliongeza sisi, manake mwenzetu wa tatu ana jamaa zake Lubumbashi na hili alilijua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mradi ule wa bomu wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Alipomwambia mama, mama alikuwa analijua jina hilo. Alilitamka vizuri. Shinkolobwe. Walitazamana muda mrefu, hakuna aliyeongeza neno.

Akatupandisha ngazi mpaka kwenye hekalu la Sanno. Lango la mawe la kuingilia, torii wanaiita, limebaki na mguu mmoja. Ni kama mita 800 kutoka pale bomu lilipopasukia. Upande mmoja ulipeperushwa, ule mwingine umesimama peke yake mpaka leo na kipande cha boriti juu, vipande vilivyoanguka vimelazwa pembeni. Nyumba za watu ziko hapo hapo kuzunguka, mtu anaanika nguo. Ukisogea mbele unaikuta miti miwili mikubwa, mikubwa kweli, imeungana juu kama paa. Mama akasema iliungua ikabaki magogo meusi bila jani, kila mtu akajua imekufa, halafu ikachipua. Akaokota jani chini, akalivunja katikati, akaniwekea puani.

Kafuri.

Wasomaji wa pwani na Waislamu wote wanajua kafuri tunaijulia wapi. Tunaitia kwenye maji ya mwisho ya kumwoshea maiti. Mimi nimemwosha baba yangu, harufu hiyo iko kwenye mikono yangu mpaka leo nikiifikiria. Na hapa nimesimama chini ya mti ulio hai, majani mabichi, ndege wanalia juu, mahali walipokufa watu elfu kwa maelfu wengine bila mtu wa kuwaosha, na mti wenyewe unanukia vile. Nilishindwa. Nilikwenda nikasimama peke yangu nyuma ya shina. Mama hakunifuata wala hakuuliza, aliwaongoza wenzangu upande wa pili wakasoma kibao. Baadaye tukishuka ngazi nilimweleza, kwetu harufu hii ni ya nini. Akasimama. Akasema mama yake mzazi alikuwa msichana siku ile, upande wa pili wa mlima Kompira, mlima ndio uliokinga mitaa ya kati isiteketee yote, na mama huyo maisha yake yote hakupenda kupita chini ya miti hiyo, hakuwahi kusema sababu.

Hayo ndiyo niliyoyalipia. Naomba anayesema ni kutupa pesa anionyeshe apu ya kunipa jani lile.

Tulishuka mpaka penye nguzo nyeusi inayoonyesha mahali penyewe, tukasimama, watoto wa shule walikuwa wanaweka shada refu la ndege wa karatasi. Kisha tramu tena kurudi katikati ya mji.

Mchana mama alitukwepesha champon, tambi maarufu za pale, kwa sababu mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe. Bila yeye tungekula bila kujua, picha ya bakuli inaonyesha ngisi na kamba na kabichi tu. Alishapiga simu siku mbili kabla kwenye kijiduka cha udon, tambi za aina ingine, za visiwa vya Goto, supu yake inachemshwa kwa samaki wale wanaoruka juu ya maji, wanakaushwa kwanza, ina utamu wa papa mkavu kwa mbali, na akahakikisha kila kinachoingia. Tulikula tukaongeza. Baadaye akatununulia kasutera, keki waliyoachiwa na Wareno. Nilipokata kipande nilijua ninakula nini. Mkate wa mayai! Mayai, sukari, unga, rangi ile ile ya dhahabu na juu kahawia, kasoro iliki tu, na wao chini wanaacha chembe kubwa za sukari zinazosagika kwenye meno. Nyanya yangu akaupika na makaa juu na chini. Nimekula mkate wa mayai miaka yote hii, na sijawahi kumsikia mtu akiniuliza umetoka wapi.

Alasiri tuliiswalia karibu na Dejima. Mama alikuwa ametafuta kibla mwenyewe, akatuonyesha kwa mwavuli, elekeeni mlima Inasa, ule wa ng'ambo ya bandari. Akasimama mbali kidogo, ametupa mgongo, kama anatulinda, mpaka tukatoa salamu.

Dejima kama hamjaisoma ni kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono, umbo la upepeo, wafanyabiashara wa Nagasaki walikijenga kwa gharama zao kati ya 1634 na 1636 ili Wareno wafungiwe humo wasichanganyike na watu. Wareno wakafukuzwa, wakaletwa Waholanzi 1641, na kwa zaidi ya miaka 200 hicho kikawa mlango pekee wa Ulaya kuingia Japani. Unakimaliza kwa miguu dakika chache. Leo si kisiwa tena, bahari ilijazwa udongo, mji ukakimeza, wakawa wanakifufua nyumba moja moja, na mwaka 2017 wakaweka daraja jipya pale lilipokuwa la zamani. Mama alitusimamisha katikati ya daraja hilo akasema hesabuni hatua. Hatua chache tu, na Mholanzi alikuwa haruhusiwi kuzivuka bila kibali, mwaka baada ya mwaka, anauona mji, anasikia ngoma za sikukuu, hawezi kwenda. Mimi kazi yangu ni bandari, nimeona mabaharia wamekwama melini miezi kwa sababu ya karatasi, wanaiona Mombasa kwa macho. Nilisimama hapo kuliko wenzangu.

Mengine nitayapitia haraka. Daraja la mawe la Megane, la 1634, alilijengesha mtawa wa Kichina, matao mawili na kivuli chake kwenye maji vinafanya miwani, mafuriko ya Julai 1982 yalilivunja na watu 299 mkoani wakafa au kupotea, wakaokota mawe mtoni wakalirudishia. Hekalu la Wachina la Sofuku-ji lina sufuria la chuma kubwa kuliko mtu, wakati wa njaa ya miaka ya 1680 mtawa aliliweka akapikia watu uji. Uji, Mhariri, si sanamu ya dhahabu, na ndilo walilolihifadhi. Kanisa la Oura tuliliona nje tu maana mlango ulikuwa umeshafungwa, pale ndipo Machi 1865 wanakijiji wa Urakami walimwendea padri Mfaransa wakamwambia kwa siri imani yao ni moja na yake, baada ya kujificha miaka kama 250.

Na paka. Ngazi za Nagasaki zimejaa paka kama vichochoro vya Lamu, ila wa kule wengi wana mkia mfupi uliopinda mwishoni kama ndoana. Wanasema wazazi wao waliletwa na meli za Waholanzi kutoka Asia ya kusini mashariki, kuwinda panya kwenye shehena. Mama aliwajua kwa majina. Mmoja alimfuata ngazi kama thelathini, mama akawa anamsemesha kwa lahaja yao, akamwacha mlangoni kwa bibi mmoja mzee sana aliyetoka kutusalimia. Bibi yule akauliza tumetoka wapi, akaambiwa Afrika, Mombasa, akarudi ndani akatoka na machungwa madogo matatu. Hizo ni ngazi ambazo basi halifiki.

Jioni tulisikia ngoma kutoka uwanja wa shule, watoto wanafanya mazoezi ya Kunchi, sikukuu ya hekalu la Suwa, tarehe 7 mpaka 9 Oktoba kila mwaka. Kila mtaa zamu yake ya kucheza inafika mara moja kwa miaka saba. Kwa hivyo mtoto aliyekosa akiwa na miaka sita atangoja mpaka awe na kumi na tatu. Mama akasema mtaa wake ulicheza mwanawe akiwa mdogo, akawa nahodha kwenye mashua ya mbao wanayoizungusha kwa nguvu. Alivyoeleza, alikuwa anaizungusha kwa mikono.

Tulipoachana stesheni nilitaka kumpa kitu juu ya malipo, akakataa kabisa, kule hawana desturi hiyo. Basi nikatoa leso mkobani, mke wangu alinifungia mbili akasema hujui utamkuta nani. Mama akaikunjua hapo hapo, akauliza imeandikwa nini. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikamfasiria nikamkumbusha kwamba jina lenyewe, leso, lile la Wareno, liko kwenye kidaftari chake. Akaijifunga mabegani juu ya koti akapunga mkono nayo mpaka treni ikaondoka.

Usiku tulipofika Kokura hatukwenda moja kwa moja hotelini. Tulipita bustanini Katsuyama, tukautafuta mnara wa kumbukumbu, uko pale, kila siku tulikuwa tunaupita. Tukasoma Fatiha tukalala.

Mhariri, kuna swali moja sijalisema. Pale kwenye ngazi za Oura mama aliniuliza, mtaani kwako kuna ngazi za kushuka baharini? Nikasema zipo, Ngazi za Leven, nimezikimbia tangu mtoto. Akauliza nani alizitumia, nani alikaa nyumba ya juu yake, mtaa wako unaitwaje na kwa nini. Nikamwambia jina. Kwa nini sikujua. Ndia Kuu naweza kusema ni njia kuu kwa Kimvita, basi, hapo ndipo elimu yangu iliishia, na mimi nimezaliwa Mji wa Kale na baba yangu kazaliwa hapo. Hakunicheka. Alifungua kidaftari ukurasa mweupe, akaandika Mombasa, akaacha nafasi, akasema ukijua uniandikie.

Kwetu wageni wanashuka melini wakafika Fort Jesus, na nyote mnajua yanayowapata, kijana anamdandia mtu, anamvuta duka hadi duka apate asilimia yake, historia anaibuni njiani. Siwalaumu vijana, hakuna aliyewafundisha wala aliyewaheshimu kwa kazi hiyo. Na wazee wenye mji vichwani mwao wamekaa barazani, hakuna anayewauliza, tunawazika mmoja mmoja na vichochoro vyao. Nagasaki waliwauliza wazee wao, mwaka mmoja tu, 2006, na mpaka leo mama wa karibu miaka sabini anakula kwa miguu yake na mdomo wake.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Gazeti lianze na ukurasa mmoja kwa wiki, mtaa mmoja, mzee mmoja, atembee na mwandishi aeleze jina la kichochoro, nyumba ya nani, ngazi ya nani, msikiti ulijengwa na nani, yaandikwe yachapishwe. Kibokoni, Mzizima, Ndia Kuu, Mlango wa Papa, na Lamu na Unguja na Bagamoyo wafuate. Vijana wa Fort Jesus wakate kurasa hizo wazisome. Wa kwanza nimeshampata, ni seremala aliyestaafu, ana miaka 81, anakaa nyuma ya Msikiti wa Mandhry, nimekwenda kwake mara nne tangu nirudi na kidaftari changu mwenyewe, na kasema yuko tayari kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mwandishi aje na viatu vya kutembelea, kahawa tutampa.

Wako msomaji,
Mfanyakazi wa bandari, Mji wa Kale, Mombasa